Maji ni Salama, Tulipima Agosti

Wadau, mtanisamehe kwa ukimya wa wiki mbili. Kazi ya gazeti ni kuchota maji kwa pakacha, unakimbia kutwa nzima na jioni hujui umepata nini. Leo sina picha, sina udaku, sina habari ya Simba na Yanga. Nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo inanihusu mimi mwenyewe. Vumilieni.

Mwaka jana mwezi wa Agosti nilikwenda kuandika habari ya uzinduzi wa mradi wa maji katika kijiji kimoja hapa Singida. Sitakitaja, maana walionisimulia ninayotaka kuwasimulia bado wanaishi pale na bado wanachota pale. Mnajua uzinduzi unavyokuwa. Hema, viti vya plastiki, ngoma, mgeni rasmi amechelewa saa tatu, utepe, mkasi kwenye sinia lililofunikwa kitambaa. Kisima kifupi cha zamani kilikuwa kimefufuliwa, kikawekewa pampu ya sola, tangi la lita 10,000 na magati matatu. Mgeni rasmi akafungua koki, akanywa glasi nzima mbele ya kamera, akina mama wakapiga vigelegele. Kijana mmoja wa idara akaninong'oneza kwamba sampuli ilishapelekwa maabara na majibu ni mazuri. Nikaandika. Kichwa cha habari kilikuwa na maneno mawili ambayo leo yananichoma: "ni salama". Na nauli ya waandaaji niliichukua, tusidanganyane.

Januari simu ikalia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya pale.

"Mwandishi, wewe si ndiye uliyeandika maji yetu ni salama? Basi njoo unisaidie kuita majina darasani."

Nilikwenda. Mvua ilikuwa imenyesha wiki tatu, pikipiki ilinasa mara mbili. Darasa la pili lilikuwa nusu tupu. Kuhara, kutapika, homa za tumbo. Namshukuru Mungu hakuna aliyezikwa. Bibi mmoja aliyekuwa na mjukuu zahanati alinitazama kwa utulivu ulioniuma kuliko kama angenitukana. Akasema: "Mwanangu, zamani tulikuwa tunachemsha. Tukaacha, kuni nazo ni shida, na ninyi mlisema ni salama."

Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwa afisa anayehusika. Mtu mpole kabisa, akanikaribisha kiti, akafungua faili. "Ndugu mwandishi, yale maji ni salama. Tulipima Agosti."

"Agosti ile ya uzinduzi?"

"Hiyo hiyo."

"Na baada ya mvua kuanza?"

"Utaratibu ni mara moja kwa mwaka. Na sasa hivi gari halina mafuta."

Hapo ndipo nilipopata kichwa cha makala hii.

Kabla wajuaji hawajanirukia, ngoja niseme. Sidai kwamba kisima kile ndicho kilichowaumiza watoto wale. Inaweza kuwa maembe yasiyooshwa, inaweza kuwa choo cha shule, inaweza kuwa madumu yenyewe. Hakuna awezaye kukishtaki kisima wala kukitetea, kwa sababu mwezi ule wa Januari hakuna mtu aliyetia chupa ndani yake. Kwenye faili kuna chupa moja, ya Agosti, na hiyo chupa inatumika kama cheti cha ndoa: ukishafunga, umefunga.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu aliyekulia huku analijua bila digrii. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Miezi mingine yote ni vumbi, upepo na jua. Kwa hiyo kwa zaidi ya nusu mwaka kinyesi cha ng'ombe, cha mbuzi, na cha binadamu wasio na vyoo kinalala juu ya ardhi kikikauka. Mvua za kwanza zinapokuja, hazinyeshi kwa adabu. Zinakuja kwa kishindo, zinafagia kila kitu kutoka mlimani, zizini na njiani, zinakipeleka bondeni. Na visima vifupi viko wapi? Bondeni, maana ndiko maji yaliko karibu. Kama zege la kisima lina ufa, au mfuniko umepinda, au mtaro wa kuzuia maji ya juu umejaa mchanga, ile supu inaingia ndani.

Sasa niambieni, Agosti unapima nini? Agosti ni mwezi ambao hakuna tone lililoingia kisimani kutoka juu kwa miezi mitatu minne. Ni sawa na kumpima mlevi pombe Jumatatu asubuhi akiwa kazini, halafu ukamwandikia barua kwamba hanywi.

Kwa nini basi Agosti? Nilimuuliza afisa wangu, naye hakunificha. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Fungu la safari likitoka, wanakwenda. Barabara ni kavu, gari linafika, na mara nyingi kuna uzinduzi wa kuambatana nao. Januari barabara ni mbaya na fungu limekwisha. Kwa maneno mengine, ratiba ya kupima maji imepangwa na mhasibu pamoja na dereva. Mvua haikuulizwa. Bakteria hawakuulizwa. Mama mwenye mtoto wa miaka miwili hakuulizwa.

Wengine mtasema ni bahati mbaya tu, wangepima tarehe yoyote nyingine wangeona. Si kweli, na hapa naomba mniruhusu hesabu kidogo, ya sekondari tu. Chukua kisima kinachochafuka siku 1 kati ya kila 10, yaani kama siku 36 kwa mwaka. Ukipima mara moja kwa mwaka, siku yoyote ile, uwezekano wa kukikamata kikiwa kichafu ni asilimia 10. Mara tisa kati ya kumi utatoka pale unatabasamu. Ukipima mara 4, unafika kama asilimia 34. Ukipima kila mwezi, mara 12, unafika kama asilimia 72. Bado hujamaliza kazi, lakini angalau sasa unapima, siyo unabahatisha. Na hesabu hiyo inachukulia kwamba siku zako umezichagua kwa kura. Ukizichagua zote kiangazi, wakati siku chafu zote ziko masika, unaweza kupima hata mara 50 na usione kitu.

Nenda msimu wa alizeti kwenye ghala lolote la mkoa huu. Mnunuzi anakuja na bambo, kile kichuma chenye ncha na tundu katikati. Hachomi gunia moja akalipia magunia mia. Anachoma juu, anachoma ubavuni, anachoma chini, maana anajua binadamu huweza kuweka mbegu nzuri juu na mchanga chini. Kwa alizeti ya kukamua mafuta tunachoma kila gunia. Kwa maji anayokunywa mtoto tunachoma gunia moja, tena mwenye gunia ndiye anayetuonyesha pa kuchoma.

Shirika la Afya Duniani lilishaweka mwongozo wa jambo hili siku nyingi. Kwa maji ya bomba yanayohudumia watu chini ya 5,000, kima cha chini cha kupima bakteria wa kinyesi ni sampuli 12 kwa mwaka. Yaani kila mwezi. Mradi wa kijiji changu, wenye tangi na magati, uko hapo. Kwa mji wenye watu zaidi ya 100,000 hadi 500,000, ni sampuli 12 kwa kila watu 10,000, kisha unaongeza 120. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 200,000 katika Manispaa ya Singida. Kama watu 200,000 wanakunywa bomba, hesabu inakuja sampuli 360 kwa mwaka, karibu moja kila siku ya Mungu. Mkazi wa manispaa unayesoma hapa, una haki ya kuuliza zako ziko wapi. Simtuhumu mtu. Nasema uliza.

Kuna kipengele kimoja katika mwongozo huo ambacho wavivu wanakipenda sana. Kinasema visima na chemchemi moja moja, visivyo na mtandao wa mabomba, vinaweza kupimwa kwa zamu hadi vyote viishe katika mzunguko wa miaka 3 hadi 5. Nimeshasikia kikitajwa mkutanoni kama ngao. Wanachosahau kutaja ni kwamba hiyo ni kikomo cha mwisho, na kwamba mwongozo huo huo unasisitiza mtu aende akakague kisima kwa macho: choo kiko umbali gani, zizi liko upande gani, zege limepasuka wapi. Ukaguzi huo hauhitaji maabara. Unahitaji miguu na uaminifu.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana sitaki mdhani ninataka kila kitu kipimwe kila siku. Hapa Singida tuna ugonjwa mwingine wa maji, na huu ninao mdomoni. Meno yangu yana rangi ya chai ya rangi. Nilipofika Mlimani mwaka wa kwanza, kila niliyecheka naye aliniuliza, "Wewe wa Arusha au wa Singida?" Ni floraidi. Inatoka kwenye miamba yetu, haina rangi, haina harufu, na ukichemsha maji haitoki, inabaki pale pale. Meno ya kudumu yanajijenga utotoni, kabla ya miaka minane hivi. Ukishapita hapo umeshapigwa muhuri. Ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa, na hapo si suala la kuona haya kwenye picha tena.

Floraidi haina haraka kama bakteria. Kiasi kilichomo kwenye kisima kirefu leo hakitatofautiana sana na cha mwezi ujao. Ukiipima vizuri kabla ya kukabidhi kisima, ukarudia kiangazi na masika mwaka wa kwanza, na tena kila unapobadilisha kina au pampu, umefanya kazi yako. Kupima floraidi kila mwezi ni kutupa fedha. Kupima bakteria mara moja kwa mwaka nako ni kutupa fedha, maana jibu unalolinunua halina kazi. Hoja yangu yote ndiyo hiyo. Huwezi kuwa na jibu moja la "mara ngapi". Unauliza kwanza: ninachokitafuta kinabadilika kwa kasi gani, na nikichelewa kukijua, nani ataumia? Ukiweka kila kitu kwenye safari moja ya Agosti, floraidi umeipatia na kinyesi umekikosa.

Na hata hiyo floraidi ina historia ya kuchekesha. Mwaka 1974 nchi yetu iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, kwa sababu visima vingi visingefaulu chini ya hapo. Baadaye kikashushwa hadi 4. Kiwango cha 2018 kikafika 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo kuna visima vilivyolala usiku vikiwa salama vikaamka vibovu, bila maji yenyewe kubadilika hata kidogo. Je, vyote vilivyopitishwa kwa kiwango cha zamani vilipimwa upya kwa kipya? Kisima cha bibi yangu, mimi nikiwa mtoto, najua hakikupimwa na mtu. Mengine mtanitazama nikicheka.

Msidhani huu ni ujinga wetu peke yetu. Mei 2000 katika mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario, Kanada, wenye watu kama 4,800, mvua kubwa ilinyesha ikasomba bakteria kutoka kwenye samadi ya ng'ombe shamba la jirani, ikawaingiza kwenye kisima kifupi cha mji. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,000 waliugua. Ng'ombe, mvua, kisima kifupi: ondoa theluji na hiyo ni Singida. Tume ya Jaji Dennis O'Connor ilipochunguza, ilikuta waendeshaji wa maji walikuwa wakijaza daftarini vipimo vya klorini vya kutunga, na wakibandika kwenye chupa za sampuli lebo za uongo kuhusu mahali zilipochotwa. Majibu mabaya ya maabara yalipofika, waliyakalia. Wao sampuli walikuwa nazo. Kilichokosekana ni mtu wa nje wa kuziona.

Nyumbani pia tuna mfano. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, yakanuka, samaki wakaelea. Serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Samuel Manyele, nayo ikatangaza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza oksijeni majini. Mitandao ikalipuka kwa vicheko, watu wakaanza kuwauliza ng'ombe maswali. Wengine wakasema tunafichwa. Mimi sibishani na profesa wala na waliombishia. Ninachoona ni kwamba kamati ilipelekwa kuchota maji samaki wakiwa wameshakufa. Mtu wa kijijini hakuwa na rekodi ya wiki kwa wiki ya mto wake, ya kuitazama na kusema, hapa ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Pasipo rekodi, kinachobaki ni nani unamwamini, na katika nchi yetu hilo ni swali gumu.

Najua jibu litakalokuja: hatuna bajeti. Nimelisikia mpaka nimelikariri. Haya, tuzungumze bajeti. Ni kweli sampuli ya bakteria ni bidhaa inayooza. Inatakiwa ikae baridi na ifike maabara ndani ya saa 24, na ikiwezekana ndani ya saa 6. Ukitoka Rungwa, kule kusini kabisa mwa Itigi, hadi maabara Singida mjini wakati wa masika, unaweza kuzimaliza hizo saa 24 ukiwa umenasa kwenye tope. Kwa hiyo ukisema kila chupa isafiri, umeshashindwa kabla ya kuanza. Lakini nani alisema kila chupa isafiri? Kipimo cha klorini kinafanyika pale pale gatini: unatia kidonge kwenye maji, yanageuka waridi, unalinganisha rangi na kadi. Dakika chache. Mama anayeuza maji gatini anaweza kukifanya kila asubuhi, huyu huyu anayeweka hesabu ya madumu bila kukosea shilingi. Kwa kisima kisichotiwa klorini kipo kipimo cha kichupa chenye karatasi iliyotiwa dawa, kilichobuniwa India mwanzoni mwa miaka ya 1980. Unajaza maji, unakiacha mahali pa joto siku moja au mbili, kikigeuka cheusi unajua kuna tatizo. Huweza kudanganya kwenye maji yenye salfa ya asili, hilo nalikubali. Ndipo sasa unapotuma gari na sampuli ya maabara, kwa kisima kilichogeuka cheusi, badala ya kulituma Agosti kwenye kisima chenye mgeni rasmi.

Na fedha za hema zilitoka wapi? Viti, spika, chakula cha wageni, fulana zenye picha, nauli yangu mimi? Siku ile moja ilikula vidonge vya klorini vya kijiji kile vya miaka. Hatuna ukata wa fedha za maji. Tuna ukata wa fedha za maji baada ya utepe kukatwa.

Tatizo ni jinsi tunavyohesabu. Tangu 1971, serikali ilipoahidi maji safi karibu na kila mwanakijiji ifikapo 1991, tumekuwa taifa la kuhesabu mabomba. Asilimia ya upatikanaji wa maji vijijini inasomwa bungeni kila mwaka na makofi yanapigwa. Asilimia hiyo inahesabu gati. Haijui ndani ya gati mnapita nini Januari. Na sisi waandishi tunaipokea kama ilivyo, tunaipigia mstari, tunaituma chumba cha habari. Nimewahi kumwandika waziri, mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na diwani, wote wakisema maji ni salama, na sikumuuliza hata mmoja wao: yalipimwa lini, yalipimwa nini, na nani ana nakala?

Maswali matatu hayo sasa nimeyaandika nyuma ya kitambulisho changu cha kazi. Mhariri amecheka.

Ninachotaka kwa kijiji changu ni kidogo sana. Ubao kwenye gati, ule wa chokaa wa kuandikia bei ya dumu, uwe na mstari mmoja zaidi: tarehe ya kipimo cha mwisho na jibu lake. Kipimo kifanyike kila mwezi, na kimoja kiwe cha lazima wiki ya mvua za kwanza, gari liwe na mafuta lisiwe na mafuta. Yule bibi akipita na ndoo yake, aone "Agosti" imeandikwa pale wakati yeye amelowa mvua ya Januari, basi aamue mwenyewe kuchemsha. Nilimweleza afisa wangu mpole. Akakuna kichwa, akasema wananchi wataingiwa na hofu. Nikamwambia mwalimu wa darasa la pili alishaingiwa nayo.

Mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji amenipigia juzi. Ana daftari la zamani la kisima kile, la kabla ya ukarabati, lenye vipimo vilivyochukuliwa enzi hizo, na anasema kuna kurasa ambazo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Nakwenda Jumatatu, mvua ikiruhusu. Nikishaliona nitayaweka hapa yaliyomo, tarehe kwa tarehe.